Glaida ya mbao ya mita 2: pa kuanzia, na mahali kazi inapoharibikia

Swali: Shikamoo. Niko Rau, Moshi. Mjomba ameniletea boksi la kujengea glaida ya rimoti (ndege ya kuteleza hewani bila injini), mabawa mita 2, mbao nyepesi za balsa na mchoro mmoja mkubwa. Maelekezo ni kurasa mbili tu. Mbavu tatu zimevunjika njiani na mhimili mmoja umepinda. Mota haina, na sitaki kuiwekea. Nianzie wapi, vilivyoharibika nivifidie kwa mbao gani ya hapa kwetu, na nikimaliza nitairushaje bila injini?

Jibu: Marahaba. Nakujibu kwa kuchukulia kwamba boksi lako ni lile la kawaida la wanaoanza: bawa lina mkunjo wa kuinuka juu katikati na mikunjo mingine miwili kuelekea ncha, na ndege inaongozwa na vitu viwili tu, usukani wa mkiani na eleveta, yaani kibao cha mkia wa kulala kinachopandisha na kushusha pua. Ukiona kwenye mchoro mihimili miwili (fito ndefu zinazobeba bawa), wa juu na wa chini, na mbavu (vibao vinavyolipa bawa umbo) zilizokatwa tayari, basi ndiyo hiyo.

Glaida ya aina hii inaharibiwa na mambo mawili: bawa lililojipinda na mkia mzito. Mengine yanasameheka. Kona ya kiwiliwili isiyo sawa, mkunjo kwenye plastiki ya kufunikia, rangi isiyopendeza, vyote hivyo vinaruka. Lakini ncha ya bawa moja ikijipinda milimita 5 tofauti na mwenzake, ndege italalia upande huo kila inapopunguza mwendo, na hasa pale unapotaka kutua. Kuhusu mkia, piga hesabu mwenyewe. Kwenye ndege ya ukubwa huu mkia uko kama sentimita 65 nyuma ya kitovu cha uzito (pale ndege inapojibalansi), na pua unakoweza kuweka vizito vya risasi iko kama sentimita 25 mbele yake. Kila gramu 10 utakazozidisha mkiani kwa gundi nyingi au mbao nzito zinadai gramu 26 puani ili ndege ikae sawa. Gramu 10 za uzembe zinageuka gramu 36.

Lenga ndege itoke na gramu 700 hadi 850, betri ikiwa ndani. Bawa la mita 2 la aina hii lina eneo la desimita za mraba 42 hivi, kwa hiyo kwa gramu 800 kila desimita ya mraba inabeba gramu 19. Hapo ndege inakwenda polepole kiasi cha anayejifunza kupata nafasi ya kufikiri. Ikifika kilo moja bado itaruka, ila itataka mkono uliozoea.

Na sisi wa ukanda huu wa milimani tuna deni la ziada. Kwa mwinuko wa Arusha, mita 1,400 hivi, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 13 kuliko ya Tanga. Kwenye mita 900, ambako si mbali na mwinuko wa Moshi, upungufu ni asilimia 8. Maana yake ni kwamba ndege ileile lazima iende kasi zaidi kwa asilimia 7 Arusha, na 4 kwako, ndipo bawa liibebe. Jua la mchana linaongeza deni hilo. Uwezo wake wa kuteleza mbali haupungui, lakini inatua kwa kishindo zaidi, na kila gramu ya bure unailipia mara mbili.

Sasa meza. Unahitaji uso ulionyooka wa urefu wa mita 1.1 na upana wa sentimita 35, maana utajenga nusu bawa kwa wakati mmoja. Kipande cha jipsamu kilichobaki kwa fundi wa dari kinafaa kuliko mbao yoyote: kimenyooka, na pini inazama kwa kusukuma na kidole. Kilaze juu ya mlango wa flashi au meza isiyoyumba. Kwa fundi wa madirisha ya alumini omba kipande cha alumini ya pembe cha mita moja. Kisimamishe juu ya jipsamu, uchungulie mwanga unaopita chini yake. Ukiona mwanga, chomeka kadi chini ya jipsamu mpaka uzibe. Kazi hii ni ya nusu saa, na ndiyo inayoamua kama bawa litanyooka. Alumini hiyohiyo ukiibandika msasa itakuwa randa yako baadaye.

Usijengee juu ya mchoro wenyewe. Upeleke duka la vifaa vya ofisi upigwe kopi, kisha pima kopi kwa rula dhidi ya ule wa asili. Mashine ikivuta karatasi kwa asilimia 1, nusu bawa la mita 1 linaongezeka sentimita nzima, na mbavu zilizokatwa kiwandani hazitajua habari hiyo. Juu ya kopi tandaza nailoni nyembamba inayoangaza ili gundi isishike karatasi.

Vifaa vingine si vingi: pini ndefu za fundi cherehani kama 60, wembe wa kisu mpya (balsa ikikatwa na wembe butu inapondeka, haikatiki), msasa namba 120, 240 na 400, rula ya chuma, na mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Mizani hiyo ina kazi kuliko inavyoonekana. Balsa mbili za kipimo kilekile zinaweza kutofautiana uzito mara mbili, kwa sababu mti huu unatofautiana sana kutoka gogo hadi gogo. Kabla ya kuanza, pima kila fito na kila ubao, andika gramu kwa penseli, kisha gawa: ngumu na nzito kwa ukingo wa mbele wa bawa na sehemu za katikati, nyepesi kwa mkia na ncha za mabawa. Fito mbili zinazofanana uzito ziende moja kulia na moja kushoto. Anayechukua tu kinachotangulia mkononi huishia na bawa moja zito, halafu analitibu kwa risasi kwenye ncha ya lingine.

Kuhusu vilivyovunjika. Ubavu uliokatika vipande viwili safi usiutupe. Uunganishe juu ya nailoni kwa tone la supaglu, bandika kipande cha balsa cha milimita 1.5 upande mmoja wa kidonda, maliza na msasa. Kama umesagika, chukua ubavu mzima wa namba hiyohiyo, uuchore juu ya mabaki ya balsa yaliyobaki kwenye fremu za mbavu, ukate kwa nje ya mstari kisha uushushe kwa msasa huku umeubana pamoja na mwenzake kwa pini. Nyuzi za mbao ziende kutoka mbele kwenda nyuma ya ubavu. Zikienda juu-chini, ubavu utavunjika ukiushika tu. Usijaribu kuchonga ubavu kutoka plaiwudi ya dukani. Uzito wake utakushangaza.

Mhimili uliopinda ni jambo jingine. Kwanza uangalie umepinda namna gani. Ukipinda kama upinde, na si kujisokota, unaweza kuutumia ukiubana ulale sawa kwenye mchoro, kwa sababu mhimili wa pili na mbavu zitaushikilia. Ukiwa umejisokota, uache. Hapo mbao ya kwetu inafaa: paini au saiprasi iliyokauka, ya mashamba ya miti ya Meru au West Kilimanjaro, isiyo na kifundo hata kimoja na ambayo nyuzi zake zinakwenda sambamba na fito kutoka mwanzo hadi mwisho. Peleka kipimo cha mchoro (mara nyingi milimita 6 kwa 3) kwa fundi mwenye mashine ya kuchana, achane fito nne, wewe uchague moja. Ikamate ncha zote mbili uikunje taratibu: fito nzuri inakunjika kwa mduara sawasawa, mbovu inakunjika mahali pamoja. Mninga na mkongo ni mbao za heshima kwenye vitanda, si humu. Ukibadilisha mhimili mmoja, badilisha na wa upande wa pili, ili mabawa yote mawili yapinde sawa yakibeba.

Gundi ziko tatu na kila moja ina mahali pake. Gundi nyeupe ya maseremala ndiyo ya kazi kubwa: haina haraka, na inampa mtu nafasi ya kurekebisha. Pakaa kidogo, futa inayotoka. Supaglu ni ya kushikiza na ya kuunganisha vipande vidogo. Fungua dirisha, na usiinamie, mvuke wake unachoma macho. Epoksi ya tyubu mbili ni ya viungo vya katikati ya bawa na sehemu za pua tu, na hapo tafuta ile inayoganda kwa dakika 30. Ya dakika 5 inaganda kabla hujamaliza kupima pembe. Epoksi ni nzito, kwa hiyo mkiani isikanyage kabisa.

Anza na mkia, kwa sababu ni mdogo na makosa yake ni rahisi kurudia. Tumia fito nyepesi, hakikisha zinagusana kabla ya gundi, kwa maana gundi haizibi pengo, inaongeza uzito tu. Ukikauka, upige msasa wa 240 pande zote mbili hadi uwe bapa. Mkia wa kulala, wa kusimama, eleveta na usukani, vyote pamoja kabla ya kufunikwa, vikizidi gramu 45, endelea na msasa.

Kisha bawa, na hapa usiwe na haraka. Bana mhimili wa chini na ukingo wa nyuma juu ya mchoro, pini zikipita pembeni ya fito na si katikati yake. Kama mchoro unaonyesha ukingo wa nyuma umeinuliwa kidogo, weka kipande cha balsa chini yake urefu wote. Ukisahau, mbavu zitakaa zimeinama na umbo la bawa litapotea. Simamisha mbavu kwa kutumia pembetatu ya kadi ngumu ili zote ziwe nyuzi 90 na meza, isipokuwa zile za kwenye mikunjo, ambazo huinamishwa kwa kipimo kilichomo kwenye mchoro. Weka ukingo wa mbele, kisha mhimili wa juu.

Sasa vibao vidogo vinavyojaza nafasi kati ya mhimili wa juu na wa chini, ubavu hadi ubavu. Maelekezo mafupi mara nyingi huviruka au kuvitaja kwa mstari mmoja, na hakuna kitu kingine kwenye bawa kinachofanya kazi kubwa kuliko hivyo. Kamba inapovuta ndege juu, mhimili wa juu unasukumwa na wa chini unavutwa. Bila kitu katikati, mihimili hiyo inasogeleana na bawa linakunjika kama kitabu, ndege ikiwa angani. Kata vibao hivyo kwa balsa ya milimita 2, nyuzi zikisimama wima, kwa sababu balsa ikibanwa kwa upande wa nyuzi inahimili, ikibanwa kukatisha nyuzi inapondeka. Viwekwe kutoka katikati ya bawa hadi kwenye mkunjo wa nje, bila kuacha nafasi hata moja. Tena vigundishwe bawa likiwa bado limebanwa mezani. Mihimili miwili ikishafungwa na vibao inakuwa boksi, na boksi hilo litabaki na umbo lolote lililokuwa nalo gundi ilipokauka. Ukilibandua bawa mapema ili uviweke ukiwa umelishika mkononi, unalifungia msokoto ambao hakuna pasi itakayouondoa.

Acha libanwe saa 12 wakati wa kiangazi na saa 24 nzima masika. Mwezi wa nne huko kwenu gundi nyeupe huonekana imekauka juu huku ndani bado ni maziwa.

Nusu ya pili ina mtego wake. Kama mchoro unaonyesha bawa moja tu, ukijenga mara mbili juu yake utapata mabawa mawili ya kulia. Pakaa kopi ya pili mafuta ya kupikia kidogo upande wa nyuma, mistari itaonekana, uigeuze ujengee hapo.

Kuunganisha mikunjo: laza kipande kimoja mezani, inua ncha ya kingine kwa tofali la mbao la urefu ulioandikwa kwenye mchoro, piga msasa nyuso mpaka zikutane bila mwanga, ndipo uweke kiungo cha plaiwudi na epoksi. Kiungo cha katikati kizungushie utepe wa fibaglasi wa sentimita 5 uliolowekwa epoksi, kisha ukamue ya ziada kwa kadi ya vocha. Urefu wa matofali ya kulia na kushoto uwe uleule hadi milimita. Baada ya hapo piga msasa ukingo wa mbele kwa kutumia kiolezo cha kadi. Uwe wa mviringo. Wenye ncha kali unaifanya ndege iangushe bawa ghafla ikipungua mwendo.

Kiwiliwili nakipita haraka, kwa kuwa ni boksi tu. Kata pande mbili zikiwa zimebanwa pamoja zitoke pacha, na usiguse kwa msasa pale bawa linapokalia wala pale mkia unapokalia. Tofauti ya pembe kati ya sehemu hizo mbili, nyuzi 2 hivi, imewekwa na mchoraji na ndiyo inayoifanya ndege ijiinue yenyewe ikipiga mbizi. Unapogundisha mkia, weka bawa mahali pake, funga uzi kutoka ncha ya kila bawa hadi katikati ya mkia wa nyuma: pande mbili zisitofautiane zaidi ya milimita 3. Halafu chungulia kutoka mbele, mkia wa kulala uwe sambamba na bawa.

Kufunika kunataka plastiki maalumu yenye gundi upande mmoja. Pasi ya nyumbani inatosha, bila maji ndani. Nukta moja kwenye pasi ni takriban nyuzijoto 110, na hapo gundi ya plastiki nyingi inashika. Nukta mbili ni takriban 150, na hapo plastiki inajivuta na kukaza. Nukta tatu inatoboa. Kwa vile pasi hazifanani, jaribu kwanza kwenye kipande cha balsa, na uivalishe pasi soksi ya pamba isikwaruze. Anza upande wa chini wa bawa, kisha juu, ukishikiza kingo zote kabla ya kukaza katikati. Plastiki inapojikaza inaweza kulivuta bawa lote, kwa hiyo kila baada ya kukaza, lilaze mezani uangalie. Likiwa limejipinda, lisokote kwa mkono kinyume kupita kiasi kidogo, mwenzako apitishe pasi pande zote mbili, ushikilie mpaka lipoe. Kwa njia hiyohiyo, ukingo wa nyuma wa kila ncha uinuliwe milimita 4 hadi 5 kuliko katikati, pande zote sawasawa. Hiyo inazifanya ncha zichelewe kuacha kubeba, na ndege inadondosha pua kwa upole badala ya kugeuka kwa bawa moja. Chini ya bawa weka rangi nzito, kwa sababu nyeupe na bluu zinapotea kwenye mawingu ya hapa. Ila usiiache ndege ndani ya gari juani: plastiki ya rangi nzito inapata moto, inalegea na kutoa malengelenge.

Vifaa vya rimoti: sevo mbili ndogo za gramu 9 (vimota vinavyosogeza usukani na eleveta), risiva (kipokezi cha rimoti) ya masafa ya GHz 2.4, na betri nne za NiMH za ukubwa wa AA, jumla volti 4.8. Betri hizo zina gramu 100 na ushee, na uzito huo unautaka puani hata hivyo. Usikubali ushauri wa kuweka betri ya lithiamu ya seli mbili bila kifaa cha kushusha umeme, kwa sababu volti 7.4 zinaunguza sevo za kawaida. Chaja nayo uiangalie: zile za bei ndogo zinahesabu saa tu, umeme ukikatika na kurudi zinaanza kuhesabu upya, na betri inapikwa. Nunua inayopima betri yenyewe. Antena za risiva, kama ni mbili, zikae kwa nyuzi 90 moja kwa nyingine, mbali na betri na fimbo yoyote ya kaboni.

Mwendo wa kuanzia: eleveta milimita 10 juu na 10 chini, usukani milimita 25 kila upande. Simama nyuma ya ndege, sukuma kijiti kulia, usukani uende kulia. Vuta kijiti kwako, eleveta ipande. Inaonekana ni jambo la kitoto, lakini sevo iliyogeuzwa inamaliza ndege kwa sekunde mbili, kwa hiyo rudia ukaguzi huo kila siku ya kurusha. Kisha weka rimoti kwenye hali yake ya kupima umbali, tembea hatua 30, vijiti viendelee kutii bila kutetemeka.

Kitovu cha uzito kiwe pale mchoro unaposema. Ukiwa hauelezi, anza kwenye theluthi moja ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele: bawa la sentimita 24 katikati, ni sentimita 8. Iegemeze juu ya vidole viwili hapo, pua ishuke kidogo sana. Kwa risasi nenda kwa mafundi wa tairi, vile vizito vya kubalansia rimu vyenye gundi, vya gramu 5 na 10. Ni rahisi kuongeza na kupunguza kimoja kimoja. Usivimwage na epoksi puani, utavihitaji kuvitoa.

Kabla ya kurusha, pitia suala la ruhusa. Vyombo visivyo na rubani vinasimamiwa na TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Waulize kuhusu ndege yako na eneo lako kabla ya siku yenyewe. Kaa mbali na uwanja wa ndege wa Moshi, KIA, na wa Kisongo ukija Arusha, na hifadhi za taifa usizifikirie. Kwenye vihamba vya juu hakuna mahali. Migrevilea na migomba itakula ndege yako. Shuka chini upande wa tambarare za TPC (kwenye mashamba ya miwa) au Kahe, omba shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, uongee na mwenye shamba na serikali ya kijiji. Kwa majaribio ya mkono uwanja wa mpira unatosha, nyasi zikiwa ndefu.

Majaribio hayo yafanye saa 1 asubuhi, hewa ikiwa imetulia. Shika ndege begani, kimbia hatua chache, isukume mbele mabawa yakiwa sawa na upeo wa macho, pua ikilenga ardhi ya mita 25 mbele. Usiirushe juu. Ikiteleza mita 20 hadi 25 na kugusa kwa tumbo, iko vizuri. Ikipanda, ikasita, ikadondosha pua, ongeza gramu 5 puani. Ikishuka kama jiwe, pandisha eleveta kidogo kwanza kabla ya kugusa risasi. Ikigeuka upande uleule kila mara, rudi kwenye bawa na pasi, maana usukani utaficha ugonjwa bila kuuponya.

Kupanda bila injini ni kwa mpira na kamba: mpira wa neli, mita 30, kisha kamba ya nailoni, mita 120, na kwenye ncha pete ndogo na kitambaa cha kuishusha. Ndoano chini ya kiwiliwili iwe kama milimita 10 mbele ya kitovu cha uzito. Ikiwa nyuma ya hapo ndege inayumba na kupinduka kwenye kamba. Mpira ufungwe kwenye nondo ya milimita 12, urefu nusu mita, iliyogongwa kwa kuinama mbali na wewe, na ya pili nyuma yake imeunganishwa nayo. Nondo ikichomoka inakufuata wewe kwa kasi ya mpira, na ndiyo hatari kubwa kuliko zote katika mchezo huu. Hakuna mtu kusimama kwenye mstari wa kamba. Pima mvuto kwa mizani ya kuning'iniza ya sokoni: mara ya kwanza kilo 2, ukizoea kilo 3 hadi 3.5 kwa ndege ya gramu 800. Achia ukielekea kwenye upepo, pua juu kidogo, na kidole kisivute eleveta, itapanda yenyewe. Unahitaji uwanja wa mita 250 kwa urefu, na kwa upepo kidogo wa mbele utafika karibu mita 100 juu.

Kuanzia saa 4 hivi hewa ya joto inaanza kupanda. Mwewe wanaozunguka bila kupiga mbawa ndio ishara nzuri. Sogea walipo, na bawa moja likiinuka lenyewe, geukia upande wa bawa hilo. Chamchela cha vumbi nacho ni hewa inayopanda, ila kikiwa karibu na ardhi kitaichana ndege, kipishe. Andika namba yako ya simu ndani ya kiwiliwili, maana hewa nzuri ya Agosti inaweza kuipeleka upande wa Mererani usiione tena.

Ukishaweza kuruka na kutua kwa amani, maliza kurekebisha uzito angani. Ukiwa juu sana, ndege ikiteleza sawa bila kuguswa, isukume ipige mbizi ya nyuzi 30, kisha achia kijiti. Ikijiinua kwa nguvu, pua ni nzito: toa gramu 5, shusha eleveta kidogo, rudia. Ikizidi kuzama, mkia ni mzito, rudisha kipande mara moja. Unapofika mahali inapojiinua polepole kwa mkunjo mrefu, acha hapo na uweke alama ya kalamu chini ya bawa.